UZI: Keki na eklea za krimu. Acheni kuuliza "imeokwa lini", ulizeni "krimu imekaa wapi"

Fundi_Krimu (Nakuru), mwanzisha uzi

Wadau wa Nakuru, Kisumu na magharibi yote, hamjambo.

Msimu wa harusi na mahafali umeingia na kila wikendi kuna mtu anauliza humu nani anauza eklea, blak foresti na donati za kastadi kwa bei ya kueleweka. Maswali ni yaleyale: ni pesa ngapi, ni tamu, zimeokwa leo? Hakuna anayeuliza krimu ilikuwa wapi kabla ya kuingia kwenye boksi. Nilisomea sayansi ya vyakula Egerton, pale Njoro, na siku hizi naishi kwa kuoka, kwa hiyo msiseme sina maslahi. Ninayo.

Oveni haina kosa katika habari hii. Ganda la eklea linaokwa kwenye nyuzi 200 hivi, linatoka kavu, na ukilifunga kwenye mkebe linakaa siku kadhaa bila kumdhuru mtu. Hatari inaanza baada ya jiko kuzimwa: krimu inapopoa, inapotiwa ndani ya ganda, na inapomsubiri mteja. Kastadi ni maziwa, mayai, wanga na maji mengi. Haina uchachu wa kuzuia bakteria, na sukari yake haifiki ile ya jamu. Tena imechemshwa, maana yake vijidudu vingi vilivyokuwa ndani vimekufa, na atakayeingia baadaye anaikuta nyumba tupu yenye chakula tele.

Anayeingia mara nyingi ni bakteria aitwaye stafilokokasi aureasi. Huyu hatoki chooni kama watu wanavyofikiri. Anaishi puani na kwenye ngozi, na karibu mtu mmoja kati ya watatu anambeba puani akiwa mzima kabisa. Mpishi anajipangusa pua, ana mkato kidoleni au jipu mkononi, halafu anashika mfuko wa kujazia krimu. Basi.

Kile kidogo kilichoingia hakimlazi mtu. Kinachomlaza ni muda pamoja na joto. Tuseme kila gramu ya krimu imepata bakteria 100, na wanaongezeka maradufu kila nusu saa. Baada ya saa tano wamepita 100,000 kwa gramu, na hicho ndicho kiwango ambacho sumu yao huanza kutosha kumwangusha mtu mzima. Sumu yenyewe ni kidogo ajabu, chini ya mikrogramu moja inatosha.

Sumu hiyo haina harufu, haina rangi, haibadilishi ladha. Na haifi kwa kuchemshwa. Ukipasha moto utawaua bakteria, lakini sumu waliyokwisha kuitoa inabaki palepale. Ndiyo maana nasema hakuna kuonja, kunusa wala kurudisha kwenye oveni kutakakokusaidia. Kilichobaki ni historia ya ile krimu: nani aliigusa, na ilikaa kwenye joto gani kwa saa ngapi.

Karibuni kwa maswali. Matusi pia nitayasoma.

Omosh_Kondele

Wewe umekuja kuwaharibia akina mama soko. Mimi nimekula keki za krimu tangu niko darasa la pili, zingine zimekaa kwa dirisha la duka kutwa nzima na jua la Kisumu unalijua. Sijawahi kulazwa. Tumbo la mtu wa ziwa ni chuma.

Fundi_Krimu

Kaka Omosh, tumbo la chuma halipo kwa sumu hii. Inaamsha neva zinazopeleka ujumbe wa kutapika kwenye ubongo, na ukipona leo mwili haukupi kinga ya kesho. Isitoshe, kutolazwa si kutougua. Ugonjwa huu unakuja kwa kishindo na mara nyingi unaisha ndani ya siku moja, kwa hiyo watu wengi hawaendi hospitali kabisa. Wanasema ni maji, au ni pilau, au shemeji fulani ana jicho baya. Keki iliyokatwa mwisho wa sherehe haishukiwi, kwa sababu keki ni kitu cha furaha.

Huu si uvumi wa mitandao. Mwaka 1930 huko Chicago mtafiti Gail Dack na wenzake walichunguza keki za sponji zenye krimu zilizowaletea watu ugonjwa wakati wa Krismasi. Walimkuza yule bakteria, wakamchuja mpaka ukabaki umajimaji usio na mdudu hai hata mmoja, wakawanywesha watu waliojitolea. Wakatapika. Hapo ndipo ilipokubalika kwamba kinachoumiza ni sumu aliyoiacha, hata yeye mwenyewe akiwa hayupo.

Muuguzi_Kakamega

Naongezea upande wa hospitali, kwa sababu muda wa kuugua unasema mengi.

Mtu akila saa saba mchana na kufikia saa kumi anatapika mfululizo, tumbo linasokota, pengine anahara, lakini mwili hauna homa, fikiria stafilokokasi. Huwa inaanza kati ya nusu saa na saa nane baada ya kula. Salmonela, bakteria mwingine, inachelewa: saa sita mpaka siku sita, na mara nyingi inakuja na homa. Hiyo ya pili mara nyingi mnaipata kwenye krimu na musi zinazotengenezwa kwa mayai mabichi.

Kuna na wa tatu, basilasi sereasi. Huyu huacha mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Kastadi ikipikwa jioni na sufuria ikaachwa mezani usiku kucha chini ya kitambaa, mbegu zinaamka. Baadhi yao hutengeneza sumu ya kutapisha ambayo nayo haivunjwi na moto. Ni huyohuyo wa wali uliolala nje.

Tiba kubwa ni maji. Antibayotiki hazifanyi kitu kwa sumu, tafadhali msikimbilie duka la dawa kununua vidonge viwili vya rangi. Nunueni ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Mkiikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, si vya kurundika. Mpe mgonjwa kidogokidogo, akitapika subiri kidogo uendelee. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayehara apewe zinki pia, ataelekezwa kituoni.

Msingoje nyumbani mkiona damu kwenye choo, homa kali, mtoto analegea au halii machozi, mtu hakojoi, au hakuna kinachokaa tumboni. Wajawazito, wazee na watoto wachanga waletwe mapema.

Nyar_Dunga

Dada muuguzi asante. Wazazi wa huku tuko macho tangu ile shule ya Kakamega ilipofungwa 2023, wanafunzi wakaugua na wengine tukawapoteza. Je, hiyo ilikuwa jambo hilihili?

Muuguzi_Kakamega

Hapana dada, ile ni habari nyingine na tusiichanganye na keki. Pole kwa wote walioguswa.

Mama_Mapacha

Fundi, mimi sitaki historia ya Chicago, nataka kuokoa kazi yangu. Nina oda ya eklea za mahafali Kisumu, sherehe inaanza saa nne asubuhi lakini mnajua hotuba, chakula kitaliwa saa nane. Mpango ulikuwa nijaze usiku hapa Nakuru, nizipange kwenye makreti, zipande matatu ya alfajiri kupitia Kericho. Asubuhi Nakuru ni baridi kabisa, si ni kama friji?

Fundi_Krimu

Mama, afadhali umeuliza kabla. Hesabu nami. Baridi ya Nakuru alfajiri haifiki nyuzi 5, na friji inatakiwa iwe 5 au chini. Matatu ni saa nne hivi barabarani, buti ina joto la eksosi. Ukishuka Kericho kuelekea Ahero hewa inabadilika, na mchana Kisumu hufika nyuzi 30. Kutoka kuzijaza mpaka kuliwa ni zaidi ya nusu siku. Kanuni inayotumika sana ni kwamba chakula cha aina hii kisikae kati ya nyuzi 5 na 60 zaidi ya saa mbili, na joto la hewa likipita 32 iwe saa moja tu. Mpango wako unaivunja kabla ya abiria wa Kericho kushuka.

Ningefanya hivi mimi. Oka maganda Nakuru, yapoe kabisa, yafunge kwenye mikebe, yapande matatu bila wasiwasi. Hayo hata yakichelewa hayana neno. Kastadi usiisafirishe ikiwa vuguvugu. Ipikie Kisumu kama una jiko la kuazima, na hilo ndilo bora. Usipopata jiko, ipike jana yake, imwage kwenye trei pana kina kisizidi sentimita tano, trei iwe juu ya maji ya barafu, koroga. Lengo ni ishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha ifike 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Ndivyo kanuni ya chakula ya Marekani inavyoagiza, nami sijaona iliyo rahisi kuifuata kuliko hiyo. Ikilala friji usiku, isafiri kwenye sanduku la barafu lenye kifuniko, barafu chini na juu, wala usilifungue njiani kuonyesha watu.

Jaza saa saba na nusu, hotuba ya mwisho ikiendelea. Mtu mmoja ajaze na asifanye kitu kingine chochote: asishike simu, asipokee pesa. Mifuko ya plastiki ya kutupa, si ile ya kitambaa inayooshwa na kuanikwa mlangoni. Zipeleke mezani kwa awamu, trei moja ikiisha ndipo ya pili itoke kwenye barafu. Na zitakazobaki mezani zisirudi nyumbani na shangazi.

Hilo la mwisho najua ni gumu. Kenya hakuna sherehe isiyofungiwa mtu kitu kwenye foili.

Mama_Mapacha

😂😂 Shangazi zangu wataniua. Lakini kujaza kulekule sikuwa nimefikiria. Glavu zinahitajika?

Fundi_Krimu

Glavu bila kunawa ni mapambo. Mtu anazivaa asubuhi, anafungua mlango nazo, anajikuna nazo, anahesabu noti nazo. Sabuni, maji yanayotiririka, kucha fupi. Mwenye jipu au kidonda chenye usaha asiguse krimu siku hiyo, apewe kazi ya kupanga viti.

kijanaa_wa_sekshoni58

Maze mimi natumia ile krimu ya boksi ya mafuta ya mimea, haina maziwa hata kidogo. Si hiyo iko sawa hata nje? Kuna duka huiweka kwa friza, lingine liko nayo kwa rafu tu.

Fundi_Krimu

Soma boksi, kijana wangu, maana zinatofautiana. Zingine zimepashwa joto kali kiwandani na kufungwa vizuri, ndiyo sababu zinakaa rafuni. Hiyo ni kabla ya kufunguliwa. Ukishafungua, ukaongeza maziwa au maji, ukapiga na mashine iliyokuwa mezani, ulinzi wa kiwanda umekwisha. Inayosimama vizuri bila kuyeyuka kwenye joto ndiyo inanitia hofu zaidi, kwa sababu krimu ya maziwa ikipata joto inalegea na mteja anaiona. Hii ya mafuta inabaki imesimama dede saa zote za mchana, kwa macho bado ni nzuri.

Aisingi ya siagi na sukari ya unga ni nafuu: sukari nyingi, maji kidogo, bakteria hawapati maji ya kutumia. Kumbuka tu kwamba stafilokokasi anavumilia sukari na chumvi kuliko wenzake wengi, kwa hiyo ukiilegeza kwa maziwa mengi au ukatia kastadi katikati ya tabaka, umerudi mwanzo.

Na kitu kimoja ambacho nakichukia kwenye bekari zetu ndogo: kumwagia krimu mpya juu ya iliyobaki jana. Bakuli halioshwi mpaka Jumapili. Ya jana inaambukiza ya leo, ya leo inaambukiza ya kesho.

Mzee_wa_Bahati

Wanangu, mnazungumza friji kana kwamba stima hazipotei. Huku kwetu zikienda jioni zinarudi zikitaka. Muuzaji atafanyaje, atupe mali yote?

Fundi_Krimu

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo lililowashinda hata Wajapani. Mwaka 2000 kiwanda kimoja cha maziwa kisiwani Hokkaido kilipotelewa na umeme kwa saa kama tatu hivi. Maziwa yakabaki vuguvugu kwenye mitambo, stafilokokasi akazaana, akatoa sumu. Baadaye yakapashwa joto kama kawaida, bakteria wakafa, yakageuzwa unga. Unga ule ulipotumika kutengeneza maziwa ya kunywa, watu zaidi ya 13,000 waliugua, wengi eneo la Osaka. Nchi yenye mitambo yote ile, kwa saa tatu za giza.

Kwa muuzaji wa Bahati: friji isiyofunguliwa inashika baridi kama saa nne. Friza iliyojaa, hata siku mbili. Kwa hiyo stima zikienda, funga na usichungulie. Weka chupa za maji yaliyoganda ndani wakati wote, ni bure. Zikipita saa nne, pima krimu kwa themomita. Ikiwa imepita nyuzi 5 kwa zaidi ya saa mbili, itupe mzee wangu. Nakubali inauma. Ndiyo maana mimi siku za kukatwakatwa stima nauza skonzi, halfu keki na keki za ndizi, vitu vikavu, na krimu naipiga kwa oda tu.

Mzee_wa_Bahati

Marahaba. Hiyo ya chupa za barafu nimeielewa. Hiyo ya kutupa nitaitafakari.

Nyar_Dunga

Mimi ni mjamzito na usinicheke, hamu yangu ni eklea tu. Friji iko sawa, si ndiyo?

Muuguzi_Kakamega

Hongera mama. Friji inamzuia stafilokokasi lakini haimzuii listeria, huyo anazaana polepole hata kwenye baridi, na kwa mjamzito anaweza kumfikia mtoto tumboni. Kula iliyotengenezwa siku hiyohiyo, kastadi iliyopikwa mpaka ikachemka, krimu ya maziwa yaliyopasteurishwa. Epuka iliyokaa friji siku tatu, na kitu chochote chenye yai bichi. Mayai ya kienyeji hayana msamaha hapa, salmonela anaweza kuwa ndani ya yai lisilo na ufa hata kidogo.

Afisa_Mstaafu

Nimefanya kazi ya afya ya umma miaka mingi, naomba niseme la sheria. Kuuza chakula kisichofaa kuliwa ni kosa chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura 254, na Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, inampa afisa uwezo wa kukagua na kuchukua chakula. Anayeshika chakula cha biashara anatakiwa awe na cheti cha afya, kinachofanywa upya kila miezi sita. Anayeokea nyumbani na kuuza mtandaoni hajasamehewa.

Mkiugua watu kadhaa mliokula kitu kimoja, msitupe masalio. Yafungeni kwenye mfuko safi, yawekeni friji, piga simu kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yenu siku hiyohiyo. Andikeni nani alikula nini na aliugua saa ngapi, pamoja na wale waliokula wasiugue. Hao wa mwisho husahaulika, na ndio wanaosaidia kujua chakula kipi kina kosa. Tulikuwa tunafika siku ya tatu, sufuria zimeoshwa zinang'aa, kila mtu ana kisa chake.

Omosh_Kondele

Kwa hiyo nikiona cheti ukutani nile bila wasiwasi?

Fundi_Krimu

Cheti ni kizuri na uwe nacho, lakini kipimo cha choo kinachofanywa ili ukipate hakimuoni bakteria wa puani. Na hata akionekana hutamfukuza mtu mmoja kati ya watatu kazini. Mimi nikiingia bekari sitazami ukuta. Natazama kama eklea ziko kwenye kabati la baridi linalofanya kazi au la kioo tu lenye taa ya manjano inayozipasha. Kisha nauliza, "Hizi mmezijaza saa ngapi?" Anayejua anajibu mara moja. Akikuambia "ni freshi tu, mteja", nunua mandazi.

Omosh_Kondele

Haya basi, hiyo ya taa ya manjano nimeipata. Kuna mahali mjini naijua hiyo taa.

kijanaa_wa_sekshoni58

Fundi swali dogo. Nilinunua themomita kwa duka la vifaa vya kuokea, nikaiweka kwa maji yanayochemka, ikasoma 94. Nimeuziwa feki, ama? Nataka kurudisha kesho.

Fundi_Krimu

Usirudishe! Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukienda nayo Kisumu, ambako ni chini zaidi, itasoma 96 na kitu. Yako iko sawa kabisa. Kastadi bado inaiva, salmonela anakufa kwenye 74. Ukitaka kuijaribu vizuri, jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, itumbukize bila kugusa kioo. Ikisoma sifuri, ifunge kwa kamba karibu na friji, wapishi wenzako wasiipoteze.

kijanaa_wa_sekshoni58

Imesoma 0.4. Inakaa.